Rangi Alizoondoka Nazo Mwalimu

Siku ya kwanza Mwalimu alinikabidhi mkasi na karatasi nyekundu, akaniambia nikate mtu anayeikimbia mvua. Nikaomba penseli.

"Ya nini?"

"Nichore kwanza, Mwalimu."

"Ukichora kwanza mkasi utafuata mstari tu, na mtu wako atasimama kama anapigwa picha ya kitambulisho. Kata."

Nikakata. Mtu wangu akatoka na goti limepinda kinyumenyume kama la mbuni. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyenivuta kwenda pale, alicheka mpaka akashika mbavu. Mwalimu hakucheka. Aliichukua ile karatasi, akaizungusha kidogo, akaibana kwa pini juu ya karatasi ya bluu, kichwa kikiwa kimetangulia mbele ya miguu. Yule mtu akaanza kukimbia. Sijui nieleze vipi. Goti lilikuwa lile lile bovu, mkato ulikuwa ule ule wa kutetemeka, lakini mtu alikuwa anakimbia na mvua ilikuwa inamfukuza.

Hapo ndipo aliponipata. Nilikaa naye miaka.

Kwa jina lake wanamjua wengi siku hizi, na mie sitalitaja. Kwetu Mwananyamala aliitwa Mwalimu basi, ingawa alikuwa ameshastaafu shule ya msingi na watoto waliomwamkia barabarani hawakuwahi kukaa darasani kwake. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, shati limechomekewa hata akiwa anafagia uwanja. Kiswahili chake kilinyooka mno. Alitukataza "mie" na "sie" kama mtu anayefukuza kuku sebuleni, lakini akikasirika alizisema mwenyewe, na sie tulisubiri hapo hapo tucheke.

Uani kwake kulikuwa na kamba zimepita huku na huku, na juu ya kamba zilianikwa karatasi alizozipaka rangi mwenyewe. Alinunua karatasi nyeupe za manila, akazipaka kwa brashi pana, upande mmoja, mikupuo mirefu inayoonekana. Rangi nyingine zilikuwa masalia ya mafundi waliopaka nyumba za watu. Upepo ukipita, uwanja mzima ulikuwa unapepea njano, zambarau, kijani cha mwani, waridi. Wageni wa mtaani walidhani ni nyumba ya dobi. Mama mmoja aliwahi kuuliza bei ya kanga.

Mwalimu alisema rangi ikikaa peke yake inalala. "Itafutie jirani mkorofi." Alikata jani la kijani, akaliweka juu ya bluu. Lilitulia. Akalihamishia juu ya chungwa iliyoiva, na jani likawa kama linatetemeka pembezoni. Aliturudisha kwenye mchezo huo kila Jumamosi, na kila Jumamosi aliushangaa upya, macho yamemtoka kama mtoto aliyeona kiini macho. Kwa habari ya mwendo alitufundisha kukata mguu mara mbili, wa pili kwa rangi iliyopauka, kisha kuuweka nyuma kidogo ya ule wa kwanza. "Msimalizie kila kitu. Jicho la mtu nalo lina kazi yake, liachieni."

Alikuwa mzee wa kanisa na mwimbaji wa besi, mtu wa kubeba kitabu cha nyimbo kwenye mfuko wa plastiki kisilowe. Lakini spika za singeli zikifunguliwa mtaa wa pili kwenye sherehe ya mchana, alitusimamisha kazi, akatuongoza sote mpaka pale, mikono nyuma, kama mkaguzi. "Acheni nyuso. Angalieni viuno na visigino." Vijana wakimwona wanazidisha mbwembwe. Yeye anatikisa kichwa kwa kuridhika, halafu tukirudi anatudai: nani ameona kisigino kinachogusa chini kabla ya bega kushuka? Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anaonaga. Mie nilikuwa nimeangalia magauni.

Chakula chake hakikuwa chake. Ukifika na njaa utakula, hata kama mwenyewe atabaki na chai kavu. Mkasi wake, hapana. Ulikuwa mkubwa, wa mshona nguo, mpini umefungwa kitambaa, na sijapata kuona mkono mwingine ukiushika.

Na alichukia uongo. Hilo naliandika polepole. Dada mmoja wa kundi letu aliwahi kuchelewa akasema ametoka msibani. Kumbe msiba haukuwapo, mwenzake akaropoka. Mwalimu aliweka mkasi chini.

"Ungesema umelala ningekukaribisha," alimwambia. "Lakini umeniulia mtu nikamhurumia bure. Nenda nyumbani, urudi Jumamosi ijayo."

Yule dada alilia. Sie wengine tuliinama tukakata kimya, na moyoni nilimsifu sana Mwalimu. Nilisema, huyu ndiye mtu mzima.

Kundi letu lilikuwa la wanawake watupu: mama lishe, msusi, karani mmoja, mie mpamba kumbi za harusi. Alikuwapo Mama Anita, aliyekuwa anatoka Segerea asubuhi na mapema na bado anatutangulia kufika. Na alikuwapo mdogo wangu, ambaye alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, tangu utotoni. Maumivu yakimshika alijikunja kwenye mkeka wa Mwalimu, na Mwalimu alimletea maji ya moto ndani ya chupa, akamfunika shuka, akaendelea kufundisha kwa sauti ya chini. Sikuwahi kumwomba afanye hivyo. Ndiyo maana nashindwa kumsimulia kama mtu mbaya tu, ingawa ingenirahisishia.

Wazo la picha ya wodi lilikuwa la mdogo wangu. Alikuwa amelazwa mara nyingi mno alipokuwa mdogo, na alisema wodi ya watoto ina ukuta mmoja mrefu usio na kitu, na mtoto aliyelala anautazama huo huo kutwa. "Tuwawekee watu wanaocheza," alisema. "Wengine hawawezi kuinuka. Wachezewe."

Mwalimu aliposikia aliinuka akaenda kupaka karatasi.

Tuliifanya picha hiyo kwa muda mrefu, Jumamosi kwa Jumamosi, vipande vikikaa stoo kwake kati ya mbao. Kila mmoja alikuwa na watu wake. Mama Anita alikata wacheza rede, mpira ukiwa hewani na watoto wote wamepinda kama migomba kwenye upepo. Mie nilikata watoto wanaoteleza kwenye tope. Mdogo wangu alikata msichana anayeruka kamba. Alimkata rangi ya chungwa, miguu yote miwili juu, na kamba ameikata pamoja na mikono, kipande kimoja kisichokatika, chembamba kama uzi wa tambi. Chungwa ilimwishia kwenye pindo la gauni, na rangi ile haikuchanganyika tena ikawa sawa. Basi akachukua pakiti ya majani ya chai, akakata pindo kwa hiyo, herufi zikiwa zimelala ubavu. Mwalimu alisimama mbele ya yule msichana kwa muda.

"Huyu hatui," alisema. "Yuko juu tu."

Ndiyo sifa kubwa niliyowahi kumsikia akiitoa.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Maji yalipita kwenye vyumba vya watu, na watu walipandisha magodoro juu ya meza. Mvua ilipotulia Mwalimu alituita sote, siku isiyo Jumamosi. Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha uani, shati halijachomekewa. Mbele yake kulikuwa na beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na uji wa karatasi, wekundu uliochafuka, na rangi zikielea juu kama mafuta.

"Bati la stoo limeng'oka," alisema. "Ndiyo hii."

Akalia. Mtu mzima yule, mrefu vile, alilia mabega yakimtikisika, na sie tukalia naye. Mama Anita alimpigapiga mgongoni kama mtoto. Tulitandika mkeka, tukachemsha chai, tukakaa pale kama watu waliofiwa. Jirani aliyepita alisimama akauliza nani ametangulia. Mdogo wangu hakunywa chai. Alichuchumaa mbele ya beseni, akaingiza mikono, akawa anapapasa ule uji taratibu, anautoa kiganjani, anauangalia, anaurudisha. Alikuwa anatafuta chungwa.

"Acha, mwanangu," Mwalimu akamwambia. "Utajiumiza bure."

Mdogo wangu alifariki kabla ya vuli. Ilikuwa ile hali yake, safari hii haikurudi nyuma. Baada ya arobaini nilikwenda kwa Mwalimu peke yangu. Alikuwa amekuja mazikoni, alikuwa amebeba jeneza, sina la kumlaumu hapo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

"Sikai. Nimekuja kuuliza. Kwenye ile picha iliyolowa, hakuna hata kipande kilichobaki? Hata pindo. Hata kiwe kimechanika. Sina kitu alichokitengeneza kwa mikono yake."

Alinitazama machoni. Nakumbuka kwamba hakuangalia pembeni.

"Ningekuwa nacho, mwanangu, ningekupa."

Nikamshukuru. Nilishika mkono wake kwa mikono yangu miwili na nikamshukuru.

Kundi lilisambaa baada ya hapo. Mie nilizidiwa na kazi za harusi. Mwalimu akaanza kusikika. Tulisikia amefanyiwa maonyesho mjini, ukumbi mdogo, walialikwa wachache. Tulimwona kwenye runinga kwa Mama Anita, amevaa koti, anaeleza rangi na jirani mkorofi, na sie tukapiga makofi mbele ya runinga kama wendawazimu. Tukasikia amepanda ndege. Mama Anita alisema, "Mungu amemfuta machozi ya lile beseni." Nilisema amina.

Kisha nikapata kazi ya kupamba nyumba ya familia moja ya Kihindi, Mashia, wauza vitambaa wa tangu zamani. Binti yao alikuwa anaolewa. Bibi mwenye nyumba aliniongoza vyumbani kunionyesha wapi panahitaji maua, mwanamke mpole, anatembea amejishikilia kiuno. Tukaingia kwenye ukumbi wa kupokelea wageni, na ukuta mzima ulikuwa nyuma ya kioo.

Niliwaona wacheza rede kwanza. Nilidhani nimefananisha. Halafu nikaona watoto wangu wa tope, na mmoja ambaye nilimkata vibaya sikio nikaliacha. Halafu nikamwona yeye, karibu na kona ya juu, chungwa, miguu yote miwili hewani. Nilisogea mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo. Pindo la gauni lilikuwa na herufi zilizolala ubavu.

"Umeipenda?" bibi akauliza nyuma yangu. "Kila mtu anampenda huyo wa kamba."

"Nani ameitengeneza?"

Akamtaja Mwalimu kwa jina lake kamili. Jina lenyewe lilikuwa pale chini kwenye kibao cha shaba, lake tu.

"Hatukuinunua," akaniambia kwa fahari. "Alituletea zawadi. Alisema ameikata mwenyewe, peke yake, mwaka mmoja mzima. Mume wangu alipoiona akasema mtu huyu lazima ajulikane, ndiyo tukamfanyia yale maonyesho. Mbona unalia, mama?"

Nikamwambia. Sikupanga maneno, yalitoka tu. Alinisikiliza huku ameshika shanga za tasbihi, na nilipomaliza alikaa kwenye kiti.

"Sisi tuliambiwa hivyo," akasema hatimaye. "Wallahi, tuliambiwa hivyo."

Nilimwamini. Aliniuliza nataka nini, akasema yuko tayari kuzungumza na mumewe. Nilisema sijui. Nilipamba nyumba yake, maua ya karatasi meupe na dhahabu, na kila nilipopita kwenye ukumbi ule nilikuwa nasikia maji ya lile beseni. Si picha iliyokuwa inaniumiza. Kama angeiba akanyamaza, ningesema mtu ameshindwa na tamaa. Yeye alikaa chini akaloweka mabaki ya karatasi, akachagua na rangi za kuloweka, akatuita tulie. Mdogo wangu akaingiza mikono yake.

Nilimpigia simu Mama Anita. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo tulifanya msiba wa uongo," akasema. "Na chai tukanywa."

Yeye ndiye aliyeniambia Mwalimu amehamia Kimbiji, kwenye kiwanja alichojenga, na kwamba anafundisha wanawake wa kule. Alitaka twende wote. Nilimwambia niache kwanza.

Barabara ya Kimbiji inajulikana kwa ubovu. Bodaboda alinishusha nikiwa mwekundu kwa vumbi, na nilikuwa njia nzima nimejiandalia maneno: nitamwita pembeni, nitamwuliza kwa sauti ya chini, nitamheshimu umri wake. Nilimkuta barazani na wanawake kama wanane au tisa, mkeka umejaa vipande vya karatasi, kamba zinapepea rangi nyuma ya nyumba. Hakuwa amezeeka. Shati limechomekewa. Aliponiona uso wake wote ulifunguka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba! Marahaba, mwanangu!" Akawageukia. "Jamani, huyu ni mwanafunzi wangu wa zamani. Mwananyamala huko. Huyu alikuwa haogopi mkasi. Mpisheni akae. Hebu tuambie, waambie wenzako mlikuwa mnafanyaje."

Aliniachia nafasi yeye mwenyewe. Wanawake wakanigeukia, wengine bado wameshika mikasi, wameshaanza kutabasamu. Maneno niliyoyaandaa yote yalikuwa ya kusemwa pembeni, na pembeni hapakuwapo.

Nikawaambia. Nilisema tulikuwa kundi kama nyie, tukakata picha kwa ajili ya ukuta wa wodi ya watoto. Nikasema habari ya mvua, na beseni, na chai, na mikono ya mdogo wangu ndani ya ule uji. Nikasema nilikuja baada ya arobaini nikaomba pindo. Nikasema niliyoyaona nyuma ya kioo. Sauti haikunipanda. Nilikuwa naangalia kucha za mwanamke aliyekaa mbele yangu, zilikuwa na rangi ya njano, na nilisema yote nikiziangalia hizo.

Mwalimu hakunikatiza. Nilipomaliza, mwanamke mmoja alimtazama, amekunja uso, kama mtu anayesubiri aambiwe kwamba mgeni huyu ana matatizo.

"Ni kweli," Mwalimu akasema.

Nilikuwa nimejiandaa akane. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamwuliza. "Ungesema unaitaka, Mwalimu. Ungesema unataka uonekane."

"Mngekataa."

"Ndiyo. Tungekataa."

"Basi."

Akasema lile neno kama anafunga mlango kwa upole. Kisha akaanza kueleza: kwamba wodini ingepauka na kuchanwa, kwamba sie tulikata lakini yeye ndiye aliyejua nani akae wapi, kwamba bila yeye ingebaki takataka nzuri za karatasi. Labda kuna ukweli humo. Alikuwa anaongea na mkeka. Nikamwuliza, na pindo? Siku ile nilipokuja, pindo lilikuwa wapi? Aliondoa mkasi wake kwenye paja, akauweka chini, akauchukua tena.

Mwanamke mmoja mtu mzima, aliyevaa kanga mbili, alikuwa hajasema kitu tangu nifike. Aliweka pembeni karatasi yake, akanisogelea kidogo.

"Huyo mdogo wako," akasema, "alikuwa anaitwa nani?"

"Mwanaidi."

Wakalirudia, mmoja mmoja, kwa sauti za chini, Mwanaidi, Mwanaidi, kama watu wanavyofanya wakiwa ugenini msibani. Yule mama akasema Mungu amrehemu. Wakaitikia.

"Alikuwa anatumia mkono wa kushoto," Mwalimu akasema.

Sote tukamgeukia. Bado alikuwa anaangalia mkeka.

"Mikasi yote ilikuwa inamsumbua, imetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Ile kamba aliikata akiwa amegeuza karatasi juu chini, na ulimi ameuma. Nilikuwa nimekaa pale. Niliogopa hata kukohoa."

Nilisimama nikautafuta mtandio wangu. Tangu siku ile ya kioo nilikuwa najisemesha kwamba amesahau, kwamba kwake tulikuwa mikono tu, na ilikuwa inanisaidia kidogo. Kumbe alikuwa anamkumbuka zaidi yangu. Mie hata ulimi sikuwa nimeuona.

Nikaaga wale wanawake. Yule wa kanga mbili alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama nami mpaka bodaboda alipofika.